Kichaka Hakihamishwi Kikiwa na Maua

Ninyi mnaouza miche kando ya barabara ya Karavia, ndani ya ile mifuko myeusi ya plastiki, nawapita kila Jumapili nikienda misa. Mnaniita, "Papa, kuya uone hibiscus!" nami nainua fimbo tu, naendelea. Msidhani ni majivuno. Nikisimama, magoti yangu yanasahau namna ya kuanza tena. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia. Kuandika, mtu anaandika ameketi.

Nimewatazama. Mikono yenu ni mizuri, mnamwagilia asubuhi, mnaweka kivuli cha majani juu ya miche michanga. Lakini sijawahi kumsikia hata mmoja wenu akimwuliza mnunuzi: kwako udongo ukoje? Mnamwuzia gardenia mtu wa mtaa wa Katuba, mnamwuzia gardenia mtu wa mtaa wa Golf, wote sawa, kama mnauza sabuni. Miezi inapita, kile kichaka chenye majani mazito ya kung'aa na maua meupe yanayonukia hadi barabarani kinageuka manjano, na mnunuzi anarudi kusema mmemwuzia mti uliorogwa. Haukurogwa. Umepewa chakula usichoweza kukimeza.

Udongo mwekundu mnaujua, ndio unaotuchafulia soksi. Ni mchachu na una njaa, na kiangazi kikikaza unalia chini ya jembe kama sahani. Ukiulisha majani yaliyooza unakuwa mtiifu, na hortensia ukiipanda humo inatoa maua ya buluu. Lakini hortensia ileile, ipe udongo wa kichuguu, maua yanatoka na rangi ya waridi. Wengine huona uchawi hapo. Ni chokaa. Vile vichuguu vyetu vikubwa kama nyumba, mchwa wamevijenga na kuvijengua tangu kabla ya babu zetu, na ndani yake kuna vipande vyeupe. Kamulia ndimu juu ya kipande kimoja. Kikitoa povu, panda bougainvillea, panda poinsettia, na waridi pia. Gardenia ipeleke kwingine. Kuhusu udongo wa ule upande ambako upepo unapeleka moshi wa bomba la kiwanda cha shaba, sina ushauri. Niliushindwa. Huko vinaota vile vimaua vidogo vinavyopenda shaba, navyo havijawahi kumwomba mtu maji.

Haya yote sikuyajua nilipofika mjini kutoka Kilwa, Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Mikono yangu ilijua nyavu na makasia. Nilipata kazi katika bustani ya Madame mmoja, na mkubwa wa bustani alikuwa mtu wa Kasai, Papa Kabeya, mwembamba, mwenye kofia ya majani ambayo hakuivua hata mvua ikinyesha. Siku ya kwanza alichota udongo kwa vidole akaninyooshea.

"Weye, Samaki. Onja."

"Nionje nini, Papa?"

"Bulongo. Balikuleta ku jardin, hapana ku restaurant. Onja."

Nilionja. Ulinikaza ulimi. Akanipa mwingine, huo ukateleza mdomoni, una ladha ya ukuta uliopakwa chokaa. Akanipa wa tatu, mweusi, wa bondeni, wa kule tunakoita dembo, karibu na mto. Ulikuwa mchachu pia, lakini laini, una harufu ya majani ya zamani.

"Sasa unajua bulongo kuliko bantu bengi," alisema. "Utasahau jina ya Madame, utasahau jina ya mwezi. Ile ya ulimi hautasahau."

Jina la Samaki lilinibakia miaka yote. Nililipata kwa uvundo wa mfuko wangu, maana mama alinifungia samaki wakavu wa njiani, na njia ya Kilwa mnaijua, samaki walifika wamechoka kuliko mimi.

Sasa sikieni kosa ambalo kila mtu wa pande zetu angelifanya. Kwetu, kichuguu ni heri. Mama hupanda maboga juu ya kichuguu, mahindi juu ya kichuguu, na anayezaliwa karibu na kichuguu kikubwa huambiwa hatalala njaa. Basi Papa Kabeya alipougua nikabaki peke yangu, nikaona gardenia za Madame zimesimama katika udongo mwekundu wa kimaskini, nikazionea huruma. Nikavunja kichuguu nyuma ya ukuta, nikapakia toroli, nikazilisha vizuri, safu nzima, kama ninavyowalisha wageni. Papa Kabeya aliporudi majani yalikuwa manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, kama mikono ya mzee. Alichuma jani moja, akalitazama, akaonja udongo, kisha akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka kofia ikaanguka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona kichwa chake. Kilikuwa na upara.

"Samaki! Umepatia mbuzi nyama!"

Tuliziponya. Tulitoa udongo wote, tukaosha mizizi, tukaleta mweusi wa dembo kwa magunia, tukachanganya na majani ya miombo yaliyooza. Ilichukua msimu mzima wa mvua. Jani jipya la kwanza lilipotoka kijani, Papa Kabeya aliligusa kwa kidole kimoja, akaondoka. Hivyo ndivyo alivyosifu.

Kwake, Katuba, alikuwa na gardenia moja karibu na mlango. Ilikuwa kubwa, ndefu kuliko yeye. Mke wake, Mama Ngalula, alinieleza habari zake siku moja akiniwekea bukari, ugali wetu. Walikuwa wamezika watoto kabla ya Ngalula. Ngalula alipozaliwa akaishi, wazee wakasema kitovu chake kizikwe chini ya mgomba, kama desturi. Mama Ngalula akakataa.

"Mugomba inazaa mara moja, banaikata," aliniambia. "Mimi nitaweka kitovu ya mutoto wangu chini ya kitu cha kukatwa? Nilimwambia huyu wa maua: tafuta muti yenye haikatwe."

Papa Kabeya akauleta mche wa gardenia kutoka kazini, akachimba shimo pana, akajaza udongo wa dembo aliobeba begani. Kitovu kikaingia chini, mche juu yake. Ngalula na kichaka wakakua pamoja. Wakati ninaousimulia, msichana alikuwa wa shule, mrefu, mwenye maneno, na kila asubuhi alivunja ua moja akalichomeka kwenye nywele, baba yake akijifanya haoni.

Kisha Katanga ikajitenga. Ninyi mmeisikia kwenye redio na kwa wajomba wenu, kila mmoja kwa namna yake. Mimi nawaambia kutoka upande wa bustani. Madame alivuka mpaka wa Mokambo na masanduku na mbwa, na nyumba ikachukuliwa na mkubwa mmoja wa serikali mpya. Patron huyo alikuwa mtu wa furaha, alitusalimia kwa mkono kila asubuhi. Alitaka kitu kimoja: bendera ya Katanga. Bendera ya maua mbele ya nyumba, nyekundu na nyeupe, mstari wa kijani katikati, na ile misalaba mitatu ya shaba.

Nyekundu na nyeupe si kazi. Kijani ni majani tu. Misalaba ndiyo iliyotusumbua, na Papa Kabeya ndiye aliyepata jibu: akalifa, kile kichaka ambacho majani yake ni ya rangi ya shaba iliyotoka motoni. Tukaipanda, tukaichonga, misalaba mitatu ikasimama. Wiki zikapita. Miwili ikawaka kama shaba kweli. Wa tatu ukageuka kijani.

"Kabeya," Patron alisema, "juu ya nini musalaba mumoja inanikatalia?"

"Iko kivuli, Patron. Akalifa inapata rangi mu jua. Ule jacaranda inaifunika."

Tulidhani ataagiza tuuhamishe msalaba. Akaagiza tuukate mjacaranda. Ulikuwa mti mkubwa, ulikuwa umeanza kuchanua. Tuliukata, na maua ya zambarau yakatufunika mabegani. Baada ya hapo msalaba wa tatu ukapata rangi yake. Watu walisimama barabarani kuutazama, na Patron akampa Papa Kabeya mkono mbele yao.

Nawasimulia hilo kwa sababu ule mkono ulitaka kumwua.

Mjini watu wa Kasai walianza kuitwa wageni. Watu waliozaliwa hapa, waliojenga reli hapa na kufundisha katika shule za hapa. Kwanza ni maneno sokoni, halafu ni mawe juu ya mabati, halafu nyumba zinachomwa. Familia zilihamia kambini, ukingoni mwa mji, kule walikokuwa askari wa kulinda amani wenye kofia za buluu. Katika barabara ya Papa Kabeya milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Mama Ngalula alikuwa amefunga vyungu vyake tangu baridi ya kiangazi.

"Tunaenda," alisema.

"Tutaenda," alijibu mumewe. "Mpaka muti ikuwe tayari."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa kuna kazi ndani yake. Kichaka kikubwa hakihamishwi siku moja. Mizizi inayokunywa si ile minene, ni ile myembamba kama nywele, nayo iko mbali, pembeni. Ukichimba tu ukang'oa, unabeba minene na kuiacha midomo ardhini. Kwa hiyo unaanza mapema. Unachukua jembe lenye makali, unakata nusu duara upande mmoja, unajaza mtaro kwa majani yaliyooza, unangoja. Hapo mizizi mipya inaota karibu na shina. Mvua ikianza, unakata nusu ya pili, unafunga donge la udongo kwa gunia lenye maji, unabeba donge zima, kama mama abebavyo mtoto aliyelala. Donge lisivunjike. Na kamwe usikihamishe kikiwa na maua, kwa sababu nguvu yake yote iko juu, chini hakuna mtu nyumbani.

Papa Kabeya alikuwa amekata nusu ya kwanza. Alikuwa anangoja mvua. Na gardenia, pengine kwa sababu ya kule kukatwa, ikachanua kabla ya wakati, nyeupe mlango mzima.

Nilimwambia, "Papa, muache muti. Muende."

"Samaki, mimi ndiye nilipanda misalaba yao. Mukubwa alinipa mukono. Batanifanya nini?"

Nyumba ya jirani ilipochomwa, alivaa kofia akaenda kwa Patron kuomba neno moja tu, neno la kuwaambia vijana wa barabara yake. Nilikwenda naye. Mlinzi, ambaye tulikuwa tukigawana naye karanga, aliingia ndani akakaa, akatoka akitazama viatu vyake.

"Patron anasema hakujue weye."

Papa Kabeya alibaki amesimama pale getini. Nyuma ya mlinzi misalaba mitatu iliwaka katika jua. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kazi ya kila siku, "Twende tukakate nusu ya pili."

Tulikata asubuhi ileile, udongo mkavu, maua yote juu. Tulimwagilia gunia, tukafunga donge, tukalipandisha juu ya mkokoteni wa mkono, pusupusu. Mpango ulikuwa wangu: tungepita hadi kambini kama watu wa bustani wanaopeleka mti kwa mkubwa. Mama Ngalula alijitwika karai la majani yaliyooza, vyungu na nguo zikiwa chini ya majani. Ngalula alibeba ndoo ya kumwagilia, viatu vyake vya shule vikiwa ndani. Mimi ningesema, maana ulimi wa Kilwa haukumtisha mtu. Papa Kabeya angenyamaza, kwa sababu akisema neno moja Kasai nzima inatoka mdomoni.

Kizuizi kilikuwa pipa na ubao. Vijana walikuwa wanne au watano, rika lenu, wenye fimbo za chuma. Mmoja, mwenye shati la michezo, alizunguka pusupusu.

"Munapeleka wapi hii pori?"

"Ku jardin ya bendera," nilisema. "Patron anataka maua ya mweupe."

"Na mu gunia?"

"Bulongo, ndugu yangu."

"Bulongo! Bale bantu banafichaka bintu mu bulongo. Fungula."

"Tukifungua, muti itakufa. Patron atakasirika."

"Patron wako, mimi njo namujua? Fungula." Kisha akamgeukia Papa Kabeya. "Na huyu mzee, juu ya nini hasemi? Eh, vieux! Weye muntu ya wapi?"

Mama Ngalula alikuwa amesimama na karai kichwani, shingo imenyooka. Nilikaza mkono kwenye mpini wa pusupusu.

Papa Kabeya alipiga magoti. Akafungua kamba, akakunjua gunia, akaingiza mikono yake miwili ndani ya donge akalivunja. Lile donge alilolitunza tangu kiangazi, alilipasua kama mkate. Akashika shina akatikisa, akatikisa tena, udongo mweusi wa dembo ukaanguka juu ya barabara nyekundu, mpaka mizizi ikabaki uchi. Kisha akainua kichaka kizima juu, maua yakidondoka kwenye kofia yake, akamwonyesha kijana, upande huu, upande ule.

Kijana alirudi nyuma, akacheka.

"Eh! Huyu iko fou. Anaua muti yake yeye mwenyewe!" Wenzake nao wakacheka. "Pita, mzee, pita na kuni yako!"

Ngalula aliinama. Alichota udongo ule kwa viganja, akautia katika ndoo, juu ya viatu vyake. Hakuna aliyemwuliza. Mtoto wa mtu wa bustani anaokota udongo, kuna nini hapo?

Tulipita.

Kambini, mahema na vibanda vya maboksi vilikuwa vimebanana mpaka mtoni. Papa Kabeya alitafuta pa kupanda. Alichota udongo, akaonja, akatema.

"Hapa banakojoa watu wengi mno," alisema. "Hata magugu itakataa."

Akaomba kisu changu. Kumbukeni hili: mizizi ikipungua, matawi yapungue. Usikionee kichaka huruma. Alikata kila tawi, kila ua, mpaka kikabaki kisiki cha urefu wa mkono. Maua yalijaa karai. Mama Ngalula aliyagawa kibanda hadi kibanda, na kwa muda mfupi, mahali pale palipokuwa na uvundo wa moshi na vyoo, palinukia kama mlango wao wa Katuba. Wanawake walicheka. Mmoja alisema, "Mama, umetuletea ndoa ao kilio?" Naye akajibu, "Mimi nilileta maua. Chagueni ninyi."

Papa Kabeya alifunga kisiki kwa gunia akanipa mimi.

"Peleka kwako. Mimi sina bulongo. Upande nilikata mu kiangazi iko na mizizi ya kidogo-kidogo, uitunze ile. Maji kidogo, kivuli, bulongo ya dembo. Na usiililie. Machozi iko na chumvi."

"Na kitovu?" aliuliza Mama Ngalula.

Alifikiri. "Muti ilishakunywa."

Ngalula akaniletea ndoo. Alikuwa ametoa viatu, udongo umebaki chini. "Yaya Samaki, weka na hii," alisema, maana kwake nilikuwa kaka. Niliuweka.

Waliondoka na watu wengine wa kambi, kurudishwa Kasai ambako Ngalula hakuwahi kukanyaga. Siku hiyo nilikuwa kazini, nikichonga misalaba ya akalifa. Sikuwaona wakiondoka. Habari zao sikuzipata, na baada ya miaka mingi niliona watu wa Kasai wakibeba vyungu tena kwenda kituo cha treni, nikafunga mlango wangu, nikakaa. Nilikuwa nimechoka tayari.

Kisiki kiliota. Upande uliokatwa mapema, ule uliopata muda, ulitoa majani. Upande tuliokata asubuhi ile haukuota kamwe, umekuwa mti mkavu, mgumu, wa kutundikia fimbo yangu. Wajukuu huuliza kwa nini siukati. Kila mwaka upande mmoja unachanua, mwingine unatazama.

Sasa nyumba hii inauzwa. Wanangu wamenitafutia chumba kwa binti yangu, kina sakafu ya simenti na dirisha zuri. Sibishani nao. Atakayenunua atataka kujenga, na atakiona kichaka changu kama kuni zenye majani.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, si wengine. Pale mnapouzia miche, nyuma ya ile mifuko, ardhi inashuka kwenda mtoni. Jumapili iliyopita nilisimama, magoti yakanilaani, nikachota kidogo nikaonja. Ni dembo. Ni mweusi, mchachu, laini, kama ule alionipa siku ya kwanza. Kipandeni hapo. Akija mwanamke, atakuwa bibi sasa, akasimama mbele yake akavunja ua bila kuomba ruhusa, msimkaripie.

Njooni kwangu wiki hii, wakati kungali baridi na hakijatoa vitumba. Safari hii tunao muda. Mtakata nusu duara upande ulio hai, mtajaza majani, mtakwenda zenu. Nusu ya pili ni baada ya mvua ya kwanza. Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni. Siku ya kwanza leteni jembe tu, lenye makali. Pusupusu iacheni nyumbani.